Begi la Msafiri ni la Nani?



Ndugu msomaji, mitihani ikikaribia kwisha, mazungumzo yetu ya baada ya swala ya Isha hubadilika. Hakuna tena anayeuliza lile swali la tatu la takwimu lilikuwa linataka nini. Watu wanauliza basi la Kampala linaondoka saa ngapi, pasi ya fulani imetoka au bado, na kadi ya manjano ya chanjo inapatikana wapi. Mmoja anakwenda kwa shangazi yake Nairobi. Wawili wamedunduliza nauli tangu mwaka jana ili wakaione bahari Mombasa. Mwingine kaalikwa na kaka yake Kairo, atapanda ndege. Kwa waliotutangulia, safari za namna hii zilikuwa jambo la watu wachache. Leo barabara ya lami imetoka Juba hadi Nimule, kilomita 192, na nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2016, kwa hiyo mwanafunzi wa kawaida naye anaweza kusema "nakwenda likizo nje" bila ya watu kucheka.

Nimesikia maswali mengi juu ya kitu gani kitiwe ndani ya begi. Swali ambalo sijalisikia, na ndilo ninalotaka tulizungumze katika jarida letu hili, ni begi lenyewe ni la nani. Utaniambia: begi ni la mwenye begi, kuna falsafa gani hapo? Subiri kidogo. Shanta (Kiarabu chetu cha Juba na Kiswahili wanalishirikiana neno hili) ni kitu kidogo, lakini anayeifunga anaamua, pengine bila kujua, atamtegemea nani huko aendako, na amekubali kuwajibika kwa mali ya nani. Hayo ni mambo ya haki za watu, na haki za watu hazina likizo.

Tuanze na yule asiyebeba kitu. Tunaye mmoja katika kila safari. Anakuja kituoni na mfuko mdogo wa begani, simu yenye chaji nusu, na maneno matamu: "Allah yupo." Kweli Allah yupo. Lakini Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila ya masurufu, wakijiita watu wa kutawakali, na walipofika Makka wakaanza kuwaomba watu. Hapo ndipo ilipoteremka ile amri ya kuchukua masurufu, katika aya ya 197 ya Suratul Baqara, ambayo inaendelea kusema kwamba masurufu bora ni uchamungu. Mara nyingi sisi huisoma nusu ya pili ya maneno hayo na kuipita nusu ya kwanza. Uchamungu umetajwa kuwa masurufu bora baada ya watu kuambiwa wabebe chakula chao. Haukutajwa ili uwe badala ya chakula.

Angalia kosa la wale mahujaji lilikuwa wapi. Hawakukosea kumtegemea Mola wao. Walikosea kwa sababu walichokiita kumtegemea Allah kilikuwa, ukikitazama kwa karibu, ni kuwategemea watu wa Makka. Mzigo waliouacha nyumbani haukupotea. Ulikuwa unawangoja mbele, juu ya kichwa cha mtu mwingine. Nadhani hii ndiyo hesabu ya kwanza ya begi lolote: kila kitu cha lazima usichokibeba wewe, kuna mtu atakubebea, na aghlabu hakuulizwa kama yuko tayari. Yule mwenzetu asiyebeba dawa ya meno, wala taulo, wala senti ya akiba, husafiri mwepesi kwa sababu wenzake watatu wamesafiri wazito.

Na kama kuna safari moja ambayo kutawakali kwake hakuna wa kukutilia shaka, ni Hijra. Itazame ilivyoandaliwa. Sayyidna Abubakar aliwalisha ngamia wawili kwa miezi minne wakingoja idhini ya kuondoka. Alikodiwa kiongozi wa njia, Abdullahi bin Urayqit, ambaye hata Muislamu hakuwa, kwa kuwa aliijua jangwa na alikuwa mwaminifu. Bibi Asmaa alitengeneza chakula cha njiani, akakosa kamba ya kufungia, akaupasua mshipi wake vipande viwili, na kwa ajili hiyo akaitwa Mwenye Mishipi Miwili mpaka leo. Na ngamia alipoletwa, Mtume (S.A.W.) alikataa kumpanda bure. Alisema atamchukua kwa bei yake. Abubakar alikuwa rafiki wa rafiki na mali yake yote ilikuwa wazi kwa Mtume, lakini chombo cha safari kililipiwa.

Wapo waliokwenda mbali zaidi katika kuuacha ulimwengu, na hata wao begi lao halikuwa tupu. Kisa kimoja kimehifadhiwa katika Risala ya Imamu Qushayri, juu ya Ibrahim al-Khawwas, aliyekuwa maarufu kwa kutawakali kuliko watu wa zama zake. Alikuwa akikata jangwa bila ya chakula. Hata hivyo hakuachana na sindano, uzi, mkasi na chombo cha maji. Watu wakamuuliza: wewe unayejizuia na kila kitu, hivi vya nini? Jibu lake ni kwamba vitu kama hivyo havivunji kutawakali, kwa maana Allah ana faradhi juu yetu. Fakiri ana nguo moja. Ikichanika naye hana sindano wala uzi, uchi wake utaonekana na swala yake itaharibika. Asipokuwa na chombo cha maji, udhu wake utamtatiza.

Mimi naliona jibu hili kuwa kali kuliko linavyoonekana. Al-Khawwas hakuuliza "nitahitaji nini?" wala "nitapenda kuwa na nini?" Aliuliza: ni kitu gani ambacho nikikikosa nitashindwa kutimiza wajibu wangu? Sindano haikuwa kwa ajili ya raha yake. Ilikuwa kwa ajili ya deni. Sasa jipe swali hilo hilo na wewe, usiku wa kuamkia safari, mbele ya godoro lililojaa nguo. Sindano yako ni ipi? Kwa mwenye pumu ni dawa yake ya kuvuta. Kwa mwenye mama mgonjwa nyumbani ni namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi, kwani simu huibwa. Kwa sote ni nauli ya kurudi, iliyotengwa, isiyoguswa hata kama Mombasa ni nzuri namna gani. Mashati tisa ya kupigia picha hayaingii katika hesabu hii. Sisemi ni haramu. Nasema yasiingie kabla ya sindano.

(Dogo la pembeni kwa wanaokwenda Kenya: msifunge viatu wala chupa za mafuta kwenye mifuko ya plastiki ya sokoni. Imepigwa marufuku huko tangu tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania nayo imeikataza tangu tarehe 1 Juni 2019. Tumieni vitambaa.)

Kuna mambo ambayo hayawekwi ndani ya begi lakini begi haliwezi kufungwa bila hayo. Imamu Ghazali, katika ule mlango wa Ihyaa unaohusu adabu za safari, haanzi na nguo wala chakula. Anaanza na kurudisha ulichodhulumu, kulipa madeni, kuwaachia matumizi wale ambao matumizi yao yako juu yako, na kurudisha amana ulizowekewa. Kisha ndipo anapofika kwenye masurufu, nayo anataka yawe ya halali na yatoshe kumpa na mwenzako wa njiani. Mafakihi wa Kishafii nao wamesema kwamba mwenye deni lililofika muda wake hasafiri ila kwa idhini ya anayemdai. Ukilitazama sharti hilo kwa macho ya leo utaliona zito mno. Lakini mfikirie muuza duka wa Konyo Konyo aliyekukopesha sukari na sabuni miezi miwili. Kwake yeye, wewe kupanda basi la Kampala ni jambo moja na deni lake kupanda basi hilo.

Hapa sitaki tudanganyane. Wengi wetu ni watoto wa watumishi wa serikali, na tunajua mishahara hiyo imekuwa ikichelewa miezi kwa miezi. Nyumbani kuna mdogo wako ambaye ada yake haijalipwa, na wewe unahesabu dola za kwenda kuiona bahari. Je, safari hiyo ni halali? Wako wenzetu wanaojibu haraka kwamba ni israfu, imekwisha. Mimi sikubaliani nao. Qur'ani imewaambia watu mara nyingi watembee katika ardhi na watazame. Kijana aliyekua katika mji mmoja, katika nchi ambayo tangu ipate uhuru tarehe 9 Julai 2011 imeona vita zaidi ya amani, ana haki ya kuona kwamba kuna miji ambayo watu wake wanalala madirisha wazi. Hiyo nayo ni elimu. Ninachokikataa ni kitu kingine: raha inayolipiwa na subira ya mtu asiyejua kwamba yeye ndiye anayelipa. Kama baba amekupa fedha kwa kuwa umemwambia ni za chuo, basi ile bahari utaiona kwa jicho la ada ya mdogo wako. Mwambie kweli. Akikuruhusu, nenda na uifurahie. Akikukatalia, hukupoteza bahari, maana haikuwa yako.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonisukuma kuandika.

Habari za safari yako hazichukui siku moja kuenea mtaani. Jioni khalti anakuja na kifurushi. Kimefungwa kwa kitambaa, kikashonwa, kikaandikwa jina kwa kalamu. "Mwanangu, utamfikishia dada yako Kampala." Baada yake anakuja jirani wa Malakia na chupa ya khumra kwa ajili ya biharusi. Anakuja ammu na bahasha. Anakuja rafiki wa rafiki, ambaye humjui, na boksi lililozungushwa gundi mara kumi. Wewe ni Muislamu, ni mtoto wa watu, na unajua kusaidia ni sadaka. Swali: unapokea?

Na ukipokea, unafungua?

Hili ni swali gumu kuliko tunavyolichukulia, kwa sababu linagonganisha mambo mawili mema. Upande mmoja kuna heshima na uaminifu. Kumfungulia mama yako mdogo mzigo alioushona kwa mkono wake ni kama kumwambia humwamini. Amana ni amana kwa kuwa imefungwa. Upande wa pili kuna ukweli na usalama. Kule uwanja wa ndege, na siku hizi hata mpakani, utaulizwa: begi hili umelifunga mwenyewe? Unajua kilichomo? Ukijibu "ndiyo" na ndani mna boksi la mtu usiyemjua, umesema uongo mbele ya mtu wa sheria, na uongo huo ni wako, si wa mwenye boksi. Ukijibu "hapana", safari yako na ya wenzako inaweza kuishia hapo.

Wala hatari hii si hadithi ya kutishia watoto. Wako Waafrika Mashariki waliomo katika magereza ya mbali kwa sababu ya dawa za kulevya, na si wote walioanza safari wakijua wamebeba nini. Kisa kingine kinatisha zaidi kwa kuwa msafiri hakupokea chochote. Mwezi wa Desemba 2018 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu kutoka Kano, Nigeria, alikwenda Umra pamoja na mama yake. Begi lenye vidonge vya tramadoli lilikuwa limebandikwa lebo kwa jina lake katika uwanja wa ndege alipotokea, bila ya yeye kujua. Alikamatwa Saudi Arabia, nchi ambayo kwa kosa kama hilo hukata shingo, na alikaa kizuizini mpaka mwisho wa Aprili 2019, baada ya uchunguzi wa kwao kuonyesha kwamba ilikuwa njama ya watu wa uwanjani. Binti yule alifunga begi lake mwenyewe na bado yalimkuta. Basi yule anayebeba boksi la rafiki wa rafiki amejiweka wapi?

Wengine watasema jibu ni rahisi: usipokee cha mtu. Hilo ni jibu la mtu asiyeishi kwetu. Posta ya kutegemewa kwa watu wengi hapa ni binadamu anayesafiri. Dawa ya shinikizo la damu ya bibi, fedha za kodi, picha za harusi, vyote hupita kwenye mabegi ya watu. Tukikataa wote, tutakuwa tumejisalimisha wenyewe na kuwakata jamaa zetu. Tena tutakuwa tumeufuta mmoja wa mifano mikubwa tuliyoachiwa. Usiku wa Hijra, wakati mji umepanga kumuua, nyumba ya Mtume (S.A.W.) ilikuwa na amana za watu, na wenye amana hizo walikuwa miongoni mwa haohao waliomkataa. Alimwacha Sayyidna Ali nyuma ili azirudishe, moja moja, kwa wenyewe. Hakuna aliyewahi kuwa na sababu nzuri zaidi ya kusema "hapana muda". Hakuisema.

Wanazuoni wetu hawakuishia hapo katika kuisifu amana. Waliipima. Imamu Nawawi katika Minhaj anaeleza kwamba asiyeweza kuihifadhi amana ni haramu kwake kuipokea. Anayeweza lakini hajiamini, ni makuruhu. Anayeweza na anajiamini, ndiye ambaye ni sunna kwake. Hebu zingatia: kupokea kumefungamanishwa na kuweza kuhifadhi. Nami nauliza, mtu atahifadhi vipi kitu asichokijua? Kama ndani ya kitambaa mna chupa ya samli, nitailaza ubavu na itamwagika kwenye nguo zangu na za watu. Kama mna dawa inayotaka baridi, nitaiacha kwenye buti la basi chini ya jua la Nimule. Kama mna fedha, nitaliacha begi nikienda kuswali. Kutojua hakumpi mwenye kitu heshima yoyote. Kunamnyima ulinzi.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Aliyetufundisha kwamba kumwamini mtu ni kufumba macho ametufundisha nusu. Amana ina watu wawili, na wote wawili wanaweka kitu: mmoja anaweka mali yake, mwingine anaweka jina lake, uhuru wake, pengine maisha yake. Khalti akinikabidhi kifurushi, mimi naye tumekabidhiana. Ni haki yake nisikipekue nyuma ya mgongo wake. Ni haki yangu kukiona mbele ya uso wake. Basi mkono wa kufungua uwe ni wa mwenyewe. Mwambie, kwa adabu unayoijua: "Khalti, njoo tufunge begi pamoja, unionyeshe hiki kikae wapi." Utashangaa ni watu wangapi wanafurahi. Atakufungulia, utaona ni bamia kavu, samaki mkavu, kipande cha dilka, na barua. Atakwambia hiki ni cha nani na kile ni cha nani. Mtashona tena. Mzigo uliokuwa wa kubahatisha umekuwa wa kujulikana, na heshima haikupungua hata chembe.

Na yule asiyetaka? Hapa lazima tuwe waadilifu. Si kila anayeficha ana uovu. Mtu anaweza kumpelekea ndugu yake dawa za maradhi ambayo hataki mtaa uyajue, au karatasi za kesi ya ndoa. Ana haki ya siri yake. Lakini haki ya siri yake haizai wajibu wa kubeba kwangu. Nitamwambia bila ya kumdhania vibaya: "Ndugu yangu, siri yako ibaki kwako, na mzigo wako pia." Hilo linauma kulisema. Katika desturi zetu kumkatalia mtu mzigo ni karibu na kumkatalia maji. Hata hivyo, neno hilo likisemwa hapa Juba, mlangoni, linamalizika kwa kinyongo cha wiki mbili. Likiachwa, linaweza kumalizikia kwenye chumba kisicho na dirisha, katika nchi ambayo lugha yake huijui.

Fiqhi ya amana ina mengine ambayo yanafaa kujulikana na kila mwenye tiketi. Mwenye kuhifadhi hadaiwi kilichopotea bila ya uzembe wake. Basi likiungua, khalti hana dai juu yako. Lakini ukikitumia kitu cha amana, dhamana inahamia kwako. Vile viatu vipya vya binamu ulivyosema "nitavivaa tu mpaka Kampala, niokoe nafasi", toka ulipovitia mguuni vimekuwa juu yako, vikichanika utalipa. Na yule anayepokea ujira wa kubeba amekwisha kuwa mchukuzi, hukumu zake nyingine. Mambo haya huwa hatuyaulizi kwa kuwa tunadhani fiqhi inaishia kwenye udhu.

Kisha kuna mizani. Tuseme tiketi yako ya ndege inakupa kilo 23. Nyumbani ulipima kwa mizani ya muuza unga, ikakwambia ziko sawa. Kwenye kaunta ni kilo 27, fedha za kulipia ziada huna, na watu nyuma yako wanaguna. Lazima kilo nne zitoke, sasa hivi. Unatoa nini? Nimemuuliza swali hili rafiki mmoja akanijibu bila ya kufikiri: samaki wa khalti, kwa sababu Kairo kuna samaki. Jibu hilo linaingia akilini, na ni batili. Samaki si wake kumtathmini. Ulipokubali kumbeba, ile nafasi ndani ya begi ilikwisha toka mikononi mwako. Vinavyoanza kutoka ni vyako: yale mashati, ile jozi ya tatu ya viatu. Ukiona huwezi kufanya hivyo, basi usingekubali tangu mwanzo, au ungemwambia khalti wazi kwamba nafasi ikibana mzigo wake utabaki, naye akaridhia. Nusu ya dhuluma za safari hutokana na ahadi zilizotolewa sebuleni na mtu ambaye bado hajafika kwenye mizani.

Waswahili husema: msafiri maskini ajapokuwa sultani. Sheria yetu imelichukulia jambo hili kwa uzito mpaka ikamtia mwana wa njia katika wale wanane wanaostahiki zaka, hata kama kwao ni tajiri, maadamu amekatikiwa njiani. Swala za rakaa nne anazipunguza, saumu ya Ramadhani anaweza kuiahirisha. Mwanafunzi anayekwenda kustarehe Mombasa anapata ruhusa hizo sawa na mfanyabiashara, kwa kuwa safari ya halali ni safari. Sheria haikumuuliza kama anafurahi au anataabika. Imemwona kuwa ni mtu ambaye vitu vyake vyote vimo ndani ya kitu kimoja, na kitu hicho kinaweza kupotea.

Sisi watu wa Juba hatuna haja ya kufundishwa hilo. Hapa neno kufunga mizigo lina maana ya zamani kuliko likizo. Wako wanaojua walibeba nini usiku wa tarehe 15 Desemba 2013, na nini Julai 2016. Wengi tunaozungumza Kiswahili tulikipata kwa njia hiyo, Kakuma au Uganda, kwa sababu mama zetu siku moja walikuwa na saa moja ya kuchagua. Na tangu tarehe 15 Aprili 2023 wamekuwa wakiingia kupitia Joda na Renk watu waliotoka Khartoum, wengine ni ndugu zetu waliokuwa wameishi huko miaka thelathini, wamebeba kile ambacho mkono mmoja unaweza kukishika wakati mwingine umemshika mtoto. Mnapowaona wazee wakikaa kimya wakati ninyi mnacheka na mabegi yenu mapya yenye magurudumu, msidhani wanawaonea wivu. Wanatazama begi linalofungwa taratibu, kwa siku tatu, na mtu anayejua tarehe ya kurudi.

Simwambii mtu asicheke. Kufunga begi kwa furaha ni neema, na katika mji huu ni neema mpya. Lakini ukiwa mmoja wa wanaosafiri likizo hii, inawezekana kabisa akakujia mmoja wa hao waliotoka Khartoum. Wengi wao watoto wao wako Kampala kutafuta nafasi ya kuendelea na masomo, na vyuo vinataka vyeti vya asili, havikubali nakala. Atakuletea bahasha ya kaki. Ataifungua mwenyewe bila ya kuombwa, akutolee karatasi moja moja, cheti cha kuzaliwa, matokeo ya sekondari, barua yenye muhuri wa ofisi ambayo sasa ni kifusi, kwa kuwa anataka uone, na anataka ujue kwamba hakuna nakala nyingine. Uzito wake haufiki robo kilo. Hiyo haiendi chini kwenye buti la basi, wala haiingii kwenye begi la kukabidhi uwanjani. Inakaa kifuani kwako, ndani ya kanzu, na hata kule Nimule, basi linaposimama kwa ukaguzi na wote mnashuka kunyoosha miguu na kubadilisha pauni kuwa shilingi, inashuka pamoja nawe.